INJINI INANG'AA, FUNDI HANA JINA: Historia ya Kubadili Injini, Kutoka Uingereza Mpaka Kona za Lushoto

Siku hizi ukifungua simu hukosi kukutana na zile video. Mtu kashusha injini ya gari lake bovu, kaiweka uani, sekunde thelathini baadaye imepigwa msasa, imepigwa rangi nyekundu, kava ya tapeti inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Laiki kama zote. Watu wanaandika "noma sana", wanapita.

Fresh. Ila wadau, mchezo huu una historia ndefu, na kipande chake kitamu kiko hapa hapa kwetu, kwenye kona za Mombo, Soni na Lushoto. Waliokiandika kipande hicho hawana kurasa wala wafuasi, na hakuna unayemjua kwa jina. Leo tuwape maua yao.

Hata Land Rover ilianza kwa kuungaunga

Twende Uingereza, mwaka 1947. Vita vimeisha, chuma cha kutengenezea magari hakipatikani kirahisi. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani kwenye shamba lake kisiwa cha Anglesey. Akawaza, kwa nini tusiwe na ya kwetu? Gari la kwanza la majaribio lilikuwa chesisi ya Jeep iliyofungwa injini na giaboksi ya Rover. Ndiyo, umesoma vizuri. Land Rover unayoiheshimu ilizaliwa kwa kubadilishwa injini.

Tarehe 30 Aprili 1948 ikaonyeshwa Amsterdam. Bodi ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu, na ile rangi ya kijani ilitoka kwenye akiba za jeshi. Hakuna aliyekaa akachagua rangi ya kupendeza. Walitumia kilichokuwepo.

Mwaka huo huo, mwezi Januari, kule California lilitoka toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Vijana wa huko walikuwa wananunua Ford kuukuu, wanazifunga V8, wanang'arisha kila bomba linaloonekana, halafu wanaenda kushindana kwenye mabonde ya maziwa yaliyokauka. Video za leo ni wajukuu wa wale vijana. Lakini mafundi wa Usambara ni ndugu wa yule aliyepaka kijani cha jeshi. Wao walibadili injini kwa sababu gari lilipaswa kupanda mlima kesho asubuhi, basi.

Mlima hauna mchezo

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Kutoka hapo ni kupanda tu. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto ni karibu 1,400, na kati yake kuna barabara ya kilomita 33 hivi iliyobanwa kati ya jabali na korongo. Na Lushoto mjini bado hujafika mbali. Mbele kuna Lukozi, Mlalo, Mtae, ambako mvua ikinyesha barabara inageuka ugali. Kabichi, viazi, mapeasi na matunda damu ya huko lazima yashuke yafike Dar kabla hayajaoza, na mgonjwa lazima afike hospitali.

Gari la barabara za aina hiyo kwa miaka mingi lilikuwa Land Rover. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa ngumu kufa, ila ilikunywa mafuta kama ngamia aliyetoka safari.

Halafu ikaja miaka migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapaa duniani, fedha za kigeni zikakauka. Watoto wa 2000 hamtaamini: kulikuwa na kipindi magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana baada ya saa nane, ili nchi ibane mafuta. Spea nazo zilikuwa hadithi. Ukiua silinda hedi, ama unamjua mtu, ama unamjua fundi.

Biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ya Japani ikaingia, na injini zake zikaja nyuma yake. Hapo gereji bubu zikapata kazi. Injini ya dizeli ya Toyota, kwa mfano 2L ya lita 2.4 au 3L ya lita 2.8, inafungwa kwenye Land Rover ambayo mhandisi wake hakuwahi kuiota ndoa hiyo. Cheni bloku inaning'inizwa kwenye tawi la mti imara. Maunting zinachomelewa upya. Kipande cha kuunganisha injini na giaboksi kinachongwa kwenye mashine ya kukereza. Mchoro hakuna, vipimo viko kichwani na kwenye kipande cha boksi.

Kung'arisha kuna siri yake

Sasa turudi kwenye rangi, maana hapa ndipo video zinapotuacha njiani.

Fundi wa kweli haoshi injini ili ipendeze. Anaosha ili aione. Mafuta yaliyogandamana na vumbi yanaficha ufa, na silinda hedi ya aluminiamu ya 2L, ikishachemka mlimani mara mbili tatu, huwa haikosi la kukuambia. Kwa hiyo kwanza mafuta ya taa, brashi na sabuni. Kostiki soda inafaa kwenye bloku la chuma, ila ukiigusisha aluminiamu inaila kama asidi.

Kabla ya msasa, kila tundu linazibwa kwa kitambaa au utepe. Punje chache za msasa zikiingia kwenye njia za oili zinafika kwenye beringi, na injini yako nzuri inakufa ikiwa inang'aa. Kingo za gasketi hazipakwi rangi, zinabaki chuma kitupu. Pale waya wa ethi unapofungwa, pia kitupu, la sivyo utamlaumu fundi umeme bure. Manifoldi ya moshi inataka rangi yake ya kuhimili joto kali. Rangi ya kawaida hapo inaungua siku ya kwanza.

Rangi ina kazi kweli. Bloku ni chuma, na ukungu wa Lushoto haumwachi mtu salama, kutu inakuja. Tena ukipaka rangi nyepesi kama kijivu, oili ikivuja unaiona siku hiyo hiyo. Rangi ya namna hiyo ni shahidi.

Ila kuna rangi ya kushuhudia na kuna mekapu. Injini chafu iliyopuliziwa rangi juu ya mafuta, jana yake kabla mnunuzi hajafika, hiyo ni mekapu. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na tofauti na ukurasa wako, mlima wa Soni hauangalii picha. Unakupima ukiwa na abiria kumi nyuma na korongo pembeni.

Usifute namba

Kitu kimoja nakuomba ukikumbuke, hata ukisahau mengine yote. Kwenye bloku kuna namba imegongwa. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadili injini, taarifa zinatakiwa kubadilishwa TRA. Watu wanashika grenda, wanasugua mpaka bloku linameremeta, na namba imeondoka. Siku ya kuuza au ya ukaguzi unaonekana mwizi wa mali yako mwenyewe.

Mimi naona hasara nyingine pia. Zamani sana, chuma cha eneo hili kilitoka kwa wafua vyuma wa Upare, ukoo wa Washana. Historia imetuachia majina ya watawala wa Usambara walionunua majembe na silaha, ila ya watu walioshika nyundo haikutuachia. Mafundi wa gereji bubu wako kwenye foleni hiyo hiyo. Hakuna aliyewaandika. Kilichobaki ni ile namba ya injini ya Toyota ndani ya Land Rover, na zile alama za kuchomelea kwenye maunting. Ukivisugua vyote ili video itoke safi, umemfuta fundi.

Kwa hiyo ng'arisha, piga rangi yako, hata ya pinki, hatukuzuii. Bakiza namba isomeke, na weld ya mzee iache ionekane.

Haya, zamu yenu. Kwenu kulikuwa na gari gani lililofungwa injini isiyo yake, na aliyeifunga mlimwitaje? Shusha hapo chini. Na kama jina lake unalijua, na yeye ameridhia, liandike.