Kamachumu: sumu ileile, sheria mbili

Mapema miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilitangaza vita dhidi ya fukusi, mdudu anayeshambulia migomba, wilayani Bukoba, Tanganyika. Wakaguzi waliingia vibanjani, wakaamuru migomba yenye wadudu iondolewe. Kwa Mhaya, mwenyeji wa Bukoba, kibanja, yaani shamba la migomba la familia, ni chakula cha leo na urithi wa kesho, hivyo amri hiyo haikupokewa kimya. Kamachumu, polisi waliutawanya kwa mabomu ya machozi mkutano wa Ali Migeyo, kiongozi wa chama cha Tanganyika African Association (TAA), naye akaishia gerezani.

Baada ya amri zikaja dawa. Dieldrini ilitumika Afrika Mashariki dhidi ya fukusi huyo hadi mdudu akaizoea. Mwaka 2001 Mkataba wa Stockholm uliiweka miongoni mwa kemikali 12 za kwanza za kudhibitiwa duniani, kwa kuwa hukaa muda mrefu ardhini na katika mafuta ya mwili.

Kisha zikaja dawa za mbu. Mwaka 2006 malaria ililipuka Muleba, wilaya ilimo Kamachumu leo. Mwaka uliofuata, kwa fedha za Marekani, kuta za nyumba zilianza kupuliziwa lambda-sihalothrini, maarufu kwa jina la Icon. Mbu walipojenga usugu ikaja bendiokabu, kisha pirimifosi-methili. Masharti ya mradi huo wa upuliziaji yalikuwa makali: mpuliziaji apewe mafunzo, ovaroli, kofia, glovu, buti na barakoa, mwanamke apimwe ujauzito kabla ya kushika bomba, maji ya kuoshea vifaa yamwagwe kwenye mashimo maalumu.

Lakini lambda-sihalothrini hiyohiyo huuzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa jina la Karate, na pirimifosi-methili imo kwenye Actellic ya kuhifadhia mahindi. Anayenunua Karate kwa ajili ya nyanya zake mara nyingi hubeba bomba mgongoni akiwa na shati na kandambili tu. Kumbe kinachoamua kinga si ukali wa sumu, ni nani anayelipa.

Sheria hazikukosekana Tanzania. Taasisi ya kusimamia viuatilifu iliundwa kisheria mwaka 1979. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipitishwa mwaka 2003. Ile ya Afya ya Mimea ya 2020 ikazaa mamlaka mpya ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Ila ukaguzi wa usalama kazini humtafuta mwajiri, na mkulima mdogo hana mwajiri. Anajiajiri, na anajidhuru mwenyewe.

Mwongozo wa FAO na WHO unaonyesha njia: dawa inayodai vifaa vya kinga vya bei ghali, au visivyovalika kwenye joto, iepukwe hasa kwa wakulima wadogo. Kwa kipimo hicho, swali linawaangukia mtengenezaji anayeiuza na serikali inayoisajili, kabla mkulima hajaulizwa kwa nini hakuvaa glovu. Zamani serikali iliweza kuingia kila kibanja kukagua migomba. Leo ianze na rafu za maduka.