Walimu wa Ufundi Kutembeleana: Somo Kutoka Tanzania

Hapa Midia mpaka uko karibu. Mwaka 1980 wenyeji wengi wa Koboko walikimbilia Sudan na Zaire. Mwaka 1993 Wasudan walikimbilia Koboko. Ujuzi ulivuka pamoja nao, bila mtu kuupangia.

Tanzania walipanga. Mwaka 1975 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, ambako vyuo vya aina hiyo vilianza mwaka 1868, watu wazima wakisoma bila mitihani. Walimu wa Kiswidi walikuja, wa Tanzania walikwenda kwao. Vyuo vikazidi 50, vingi katika vituo vya zamani vya wakulima, vikifundisha useremala, uashi, ushonaji na kilimo kwa Kiswahili.

Lakini Mswidi alikwisha kupita shule. Mwanakijiji alirudi nyumbani na ujuzi, cheti hana, pengine hata randa hana. Baadaye vyuo vikaingiza mafunzo ya VETA yenye vyeti.

Nasi wakimbizi tuna swali hilo hilo. Wafadhili wakituletea mwalimu mgeni, tutamkaribisha kwa moyo mmoja; ila tuulize mapema cheti kitatambuliwa na nani siku ya kurudi kwetu, na vifaa vitabaki kwa nani.