Maji ya Mlimani: Ardhi na Makazi katika Nchi ya Heru

Msafiri atokaye Kigoma mjini kwenda Kasulu huliacha nyuma joto la ziwa, na kadiri barabara inavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa ya baridi. Katika nyanda hizo za juu, karibu na mji wa Kasulu, ndiko iliko Heru Juu, makao ya zamani ya Mwami wa Heru. Aendaye huko mwezi Februari ataona ukijani kila upande, na akiambiwa kwamba wenyeji wana shida ya maji ataona anataniwa. Na arudi Agosti, ahesabu akina mama wanaopanda kilima na ndoo kichwani.

Mvua za huko huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei, na katika mwaka wa kawaida hufikia milimita 1,000 au zaidi. Yafaa mwalimu aifanye hesabu hii ubaoni pamoja na wanafunzi wake. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina meta za mraba zipatazo 4,047. Kwa hiyo ekari moja ya Heru hupokea kila mwaka zaidi ya lita milioni nne, yaani ndoo za lita ishirini zisizopungua laki mbili. Mama abebaye ndoo tatu kwa siku angehitaji zaidi ya miaka 180 kuyabeba maji ambayo mbingu imemletea shambani kwake kwa msimu mmoja. Maji hayo huteremka mtelemkoni kwa saa chache, yakachukua na udongo wa juu, yakaingia mitoni, mathalani Mto Ruchugi unaopita katika nchi ya Kasulu hadi Uvinza, kisha Malagarasi, na mwisho Ziwa Tanganyika. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga. Mkulima wa mlimani kazi yake ni kuyazuia kabla hayajamwagika.

Wazee wa Buha waliijua kazi hiyo. Hatusemi haya kwa kujisifia mambo ya kale, bali kwa sababu historia ya maji katika nchi ile imefungamana na historia ya makazi, na asiyeijua moja hataielewa nyingine.

Buha ya kale ilikuwa na nchi kadhaa zenye watawala wao: Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo. Juu ya kila nchi alikuwapo Mwami, na chini yake watware. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa na mlezi mwingine, naye ni mteko, mzee wa ukoo uliotangulia kuikalia nchi. Yeye ndiye aliyegawa mashamba na kusimamia matambiko ya rutuba na mvua. Watu hawakukaa kwa msongamano. Kila mji ulijitenga juu ya mgongo wa kilima, umezungukwa na migomba, na mabonde yakalimwa maharage na mboga wakati wa kiangazi, maana huko chini unyevu ulidumu baada ya vilima kukauka. Samadi ya ng'ombe, majivu na taka za jikoni vilirudi migombani. Majani makavu ya mgomba yalifunika udongo, jua lisiupige wala mvua isiuchimbe. Siku hizi wataalamu wa kilimo huyaita majani hayo matandazo. Bibi zetu waliyatandaza tu, bila kuyatungia somo.

Wala enzi ile haikuwa ya usawa. Ng'ombe walikuwa wengi kwa wachache, na asiye na ng'ombe alimpata kwa njia ya ubugabire, yaani alikabidhiwa mnyama naye akawa mtu wa mwenye mnyama, wa kumtumikia na kumheshimu. Samadi iliyolisha mgomba wa mnyonge ilikuwa na bei yake. Hata hivyo, mnyonge huyo alikaa mahali pamoja, na mwanawe akakaa papo hapo baada yake, na mgomba ukawajua wote wawili.

Hapa tungependa kutaja jambo la lugha, maana sisi watunzi wa mashairi hatuwezi kulipita neno kimya kimya. Katika Kirundi, lugha iliyo ndugu wa Kiha, itongo ni ardhi ya mtu, shamba aliloachiwa na wazazi wake. Katika Kiswahili tongo ni mahali palipokaliwa na watu wakapahama. Neno ni moja: upande huu ni urithi, upande wa pili ni mahame. Historia ya Buha katika karne ya 20 imo katikati ya maana hizo mbili.

Pigo la kwanza lilikuwa sotoka, maradhi yaliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Kisha wakaja Wajerumani na baada yao Waingereza, na kodi ikadaiwa kwa fedha. Mkoloni hakuona haja ya kuistawisha Buha kwa mazao ya biashara kama alivyofanya kwingineko; aliiona kuwa ghala la nguvu kazi. Vijana wa Kiha walisafiri siku nyingi hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya chemchemi zake kubwa. Husemwa sana juu ya mishahara duni ya manamba. Husemwa kidogo mno juu ya mashamba waliyoyaacha. Kuchimba mfereji, kukarabati tuta, kupanda mti, ni kazi za kiangazi zinazohitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ikikata mkonge pwani. Mwanamke aliyebaki alilima alichoweza, na muhogo, usiodai sana, ukachukua mahali pa mazao mengine.

Wakati huohuo malale yalienea. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za Kibondo na Kasulu katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Nia ya kuokoa maisha hatuikanushi. Lakini nyuma yao pori lilirudi, migomba ikamezwa, na mabonde yakarudia matete.

Pigo la mwisho twalieleza kwa uzito, kwa kuwa lilitoka mikononi mwetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishiwa vijijini kwa operesheni, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini kungekuwa lazima kwa nchi nzima kabla ya mwisho wa 1976. Miji iliyojitenga juu ya migongo ya vilima iliteremshwa kando ya barabara. Shule zilipatikana, zahanati zilipatikana, na wengi wanaosoma insha hii walijifunza kusoma kwa sababu ya vijiji hivyo. Lakini mgomba hauhamishwi kwa lori. Shamba lililorutubishwa kwa vizazi vitatu likawa mbali, na shamba jipya lililokuwa karibu likalimwa na kila mtu mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mkulima ni nyumba yake tu, kumbe ni nyumba pamoja na udongo unaoizunguka.

Ili tusidhaniwe kuwa twatetea ukale kwa ajili ya ukale, tuwatazame Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo wakasongamana katika milima mikali, mahali ambapo mgeni angedhani hapalimiki. Hapo wakastawisha ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, mfano wa wavu. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu na kuzifunika nyasi hizo. Mtelemko wote hugeuka kuwa mashimo na matuta, kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Msimu unaofuata hupandwa mahindi, na magugu hutupwa shimoni. Mvua inyeshapo, kila shimo hushika maji yake na udongo wake. Hapakuwa na bwana shamba aliyewafundisha. Waliyapata hayo kwa kubanwa mahali pamoja kwa muda mrefu, wasiwe na mahali pengine pa kukimbilia.

Kinyume chake ni Uluguru. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo mzuri ukafukiwa chini, udongo mbovu ukaja juu, mavuno yakapungua, na Julai 1955 ghasia zikazuka hata mpango ukavunjwa. Nchini Kenya, Wakamba wa Machakos walichukia matuta ya amri ya mkoloni, lakini baadaye wakayajenga kwa hiari yao kwa mtindo ambao leo unaitwa fanya juu hata katika vitabu vya Kiingereza: mtaro huchimbwa kwa usawa wa kilima na udongo hutupwa upande wa juu, na mvua zenyewe zikakamilisha ngazi mwaka baada ya mwaka. Ni fahari ndogo kwa Kiswahili kwamba dunia imeazima kutoka kwake maneno ya jembe.

Elimu hii sasa inaturudia kwa jina jipya. Mwaka 1911 kilitolewa kitabu cha Mmarekani Franklin King juu ya wakulima wa China, Korea na Japani waliolima ardhi ileile kwa karne arobaini, naye alikiita kilimo chao cha kudumu. Mwaka 1978 Bill Mollison na David Holmgren wa Australia wakalifupisha wazo kama hilo kuwa neno moja, permakalcha. Ndani yake mtu wa Heru atayakuta mengi ya nyanyake: miti, migomba na maharage kukaa pamoja, taka kurudi shambani, maji kupunguziwa mwendo kuanzia juu ya kilima. Yaliyo mapya yapo pia, nayo si ya kudharauliwa. Vijiti vitatu vilivyofungwa mfano wa herufi A, pamoja na kamba yenye jiwe, vyatosha kumwonyesha mkulima mstari wa usawa bila mpimaji. Mabingobingo yakipandwa kandokando ya kingamaji hushika udongo na kulisha ng'ombe wa zizini. Paa la bati la meta za mraba 40, mahali penye mvua ya milimita 1,000, hupokea lita 40,000 kwa mwaka.

Tulipokuwa vijana katika utumishi, tulitumwa kijiji kimoja cha nyanda zile kupima mitaro iliyochimbwa kwa malipo ya kila meta. Tulipima, tukaandika, tukarudi. Baada ya misimu miwili tulipita tena, tukakuta mitaro imejaa udongo na mahindi yamepandwa juu yake. Tulimsalimu bibi mmoja aliyekuwa akipalilia, tukamuuliza kulikoni. "Wanangu," alisema, "shamba hili nimelikodi msimu huu. Mwakani sijui nitalima wapi. Huo mtaro nimzibulie nani?" Daftari letu lilikuwa na nafasi ya meta na nafasi ya shilingi, basi tukaondoka bila kuliandika neno lake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanakijiji njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na imemtambulia mwanamke haki sawa na mwanamume katika kuipata. Hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo mikono iliyobaki shambani ilikuwa ya wanawake. Lakini hati hiyo haimfikii mpangaji wa msimu kama bibi yule. Kwake yeye ingetosha karatasi iliyoandikwa mbele ya serikali ya kijiji, ikimhakikishia ardhi ileile kwa miaka mitano. Hiyo yatosha kwa mabingobingo na kwa mtaro, na hata kwa migomba, ambayo huzaa mkungu wa kwanza baada ya mwaka mmoja na zaidi. Kwa miti ya mbao na ya kivuli ingefaa iandikwe miaka kumi au zaidi, na pawe na neno juu ya nani atakayeikata.