Shirika la Ndege la Afrika Mashariki

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililojulikana duniani kwa jina lake la Kiingereza East African Airways, lilikuwa shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na baada ya Muungano wa 1964, la Kenya, Uganda na Tanzania. Lilianza kuruka tarehe 1 Januari 1946 na likasimama mwanzoni mwa 1977. Makala haya yanahusu zaidi namna lilivyovunjika, na jinsi tukio hilo linavyoungana na historia ya usafiri ya Ifakara na Bonde la Kilombero.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo: ndege sita za mbao na turubai aina ya Dragon Rapide, zilizokodiwa kutoka BOAC, shirika la ndege la Uingereza. Hisa ziligawanywa kwa kufuata uzito wa kila koloni machoni pa Waingereza. Kenya ilipata asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9 na Zanzibar 0.7. Makao makuu na karakana vikawekwa Nairobi, na huko vilibaki hadi siku ya mwisho. Baadaye zilikuja Dakota, kisha Fokker Friendship. Mwaka 1957 shirika likaanza safari za London, mwaka 1960 likapokea ndege za jeti aina ya Comet, na kuanzia 1966 Super VC10. Kwa shirika la nchi tatu zilizokuwa zimejitawala juzijuzi, huo ulikuwa ufanisi wa kujivunia, na watu wengi wa enzi ile bado wanajivunia.

Namba za usajili zilionyesha ubia wenyewe. Ndege zote zilipakwa rangi moja, lakini moja ilibeba herufi 5Y za Kenya, nyingine 5X za Uganda, nyingine 5H za Tanzania. Kati ya Super VC10 tano, mbili zilisajiliwa Tanzania. Moja ya zile za Uganda, 5X-UVA, ilipotea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972: tairi lilipasuka ndege ikiwa mbioni kupaa, rubani akajaribu kuisimamisha, breki hazikushika ipasavyo, ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 43 walikufa kati ya 107 waliokuwamo.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 ulijaribu kusawazisha mambo. Sekretarieti ilipelekwa Arusha, bandari zikapewa Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege zikabaki Nairobi. Juu ya yote iliwekwa Mamlaka, yaani marais watatu. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu mkubwa. Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, Rais Julius Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka haikukutana tena. Msimamo wa Mwalimu ulikuwa wa haki mbele ya utawala wa mauaji. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kwamba kila ugomvi wa shirika uliohitaji uamuzi wa marais ulikosa mahali pa kuamuliwa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa fedha, na ni rahisi kuuelewa. Hadi 1966 nchi tatu zilitumia shilingi moja. Mwaka huo kila nchi ilianzisha benki kuu na sarafu yake, na miaka michache baadaye zikaja sheria kali za kudhibiti fedha za kigeni. Tiketi iliyouzwa Dar es Salaam ililipiwa kwa shilingi za Tanzania, na ya Entebbe kwa shilingi za Uganda, lakini mishahara ya mafundi, vipuri na madeni ya ndege vililipwa kutoka Nairobi. Fedha ilibidi ivuke mpaka, nayo ikaanza kuchelewa, kisha ikakwama. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwishoni mwa 1973, kila mwezi wa kuchelewa uliuma zaidi. Kenya ililalamika kwamba wenzake hawapeleki makusanyo. Tanzania nayo ilikuwa na lalamiko la zamani: ajira, karakana na faida ya shirika vilikuwa vimerundikana Nairobi, na nchi kubwa yenye miji iliyotawanyika ilihitaji safari za ndani zaidi ya ilizokuwa ikipewa. Safari fupi za Iringa, Tabora au Mtwara hazikuwa na faida. Zilibebwa na mapato ya njia za mbali. Kila upande ulihesabu ulichotoa. Ulichopokea haukukihesabu.

Shirika hili halikufa kwa kukosa abiria. Lilikuwa na njia, marubani, mafundi na jina. Lilikosa wamiliki wenye nia ya kulipa kwa wakati na wenye mahali pa kukutana wanapogombana.

Mwisho ulikuja kwa haraka. Uganda ilikuwa tayari imeunda shirika lake mwaka 1976. Tarehe 22 Januari 1977 Kenya ilianzisha Kenya Airways, na ndege za shirika la pamoja zikasimamishwa, nyingi zikiwa Nairobi. Tarehe 4 Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, huku malori, magari ya watalii na abiria wakikwama upande usio wao. Tarehe 11 Machi likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ilikuwa imekwisha. Super VC10 nne zilizosalia zilirudi Uingereza kwa ajili ya deni, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia mafuta angani za jeshi la anga la nchi hiyo, na zikatumika humo hadi 2013. Ya mwisho kuundwa kati yake, iliyokuwa 5H-MOG ya Tanzania, imehifadhiwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza.

Mali na madeni yaligawanywa kwa usuluhishi wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyekuwa pia na wadhifa katika kampuni ya Ciba-Geigy ya Basel. Msomaji wa Ifakara ataufahamu mji huo: Taasisi ya Tropiki ya Basel, chini ya Profesa Rudolf Geigy, ndiyo iliyofungua maabara Ifakara katika miaka ya 1950, mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila serikali iliachiwa kuwalipa mafao raia wake waliotumikia Jumuiya. Huku kwetu Tanzania jambo hilo liligeuka kidonda. Wastaafu zaidi ya 31,000 wa reli, bandari, posta na ndege walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na hati ya maridhiano ilipatikana 2005, karibu miaka thelathini baada ya kazi yao kukoma. Wengi hawakuishi kuiona.

Kilombero na mashirika ya pamoja

Bondeni, Jumuiya ilionekana kwa sura ya reli. Tawi la Reli ya Afrika Mashariki kutoka Kilosa lilifika Kidatu katikati ya miaka ya 1960, jirani na kiwanda cha sukari. Ifakara ina kiwanja kidogo cha ndege, na ndege ndogo zina maana kwa mji wenye hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransis na watafiti wa malaria. Lakini mkulima wa mpunga wa Mngeta alihitaji behewa. Masika yakishuka, mito ilifurika na barabara iligeuka tope, na hadi lilipojengwa daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero katika muongo wa 2010, kwenda Mahenge kulitegemea kivuko.

Behewa lilikuja na TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa tarehe 14 Julai 1976, miezi michache kabla ya ndege za Jumuiya kusimama. Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita, Mlimba: vituo hivyo vilivuta makazi, mashamba na magulio. Treni fupi ambayo wenyeji waliibatiza Kipisi ilibeba ndizi, mchele na samaki wa bondeni kuelekea Makambako na kurudi na viazi na nyanya za nyanda za juu. Wachuuzi walipakia mizigo kupitia madirishani kwa sababu treni haikusimama muda mrefu. Kwa mama mwenye matenga mawili ya ndizi, Kipisi ilikuwa duka, gari na benki.

TAZARA ni mali ya Tanzania na Zambia kwa nusu kwa nusu, nayo imeugua ugonjwa wa aina moja na ule wa ndege. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 90,000 katika mwaka wa fedha 2014/15. Serikali mbili zilisubiriana kutoa mtaji, mishahara ikachelewa, wafanyakazi wakagoma, treni zikapungua. Tofauti ni kwamba wabia hawa hawakuacha kukutana. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua.

Watu wa bondeni wasingoje habari hizo kama mvua. Wawaulize wabunge na madiwani wao mapema: nani atalipa, lini, na treni ya abiria wa vituo vidogo itabaki kwenye ratiba au itapisha mizigo ya shaba ya Zambia?