Saa za Ini



Mvuvi wa Katwe afahamu kwamba samaki akishatoka majini, saa zake zimehesabiwa. Ndiyo sababu chumvi ya ziwa lile husafiri pamoja naye hadi soko la Mpondwe, karibu na Bwera. Lakini chumvi huhifadhi kilichokufa. Waganga walitafuta kuhifadhi ini lililo hai, nje ya mwili wa mwenyewe.

Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, Dakta Thomas Starzl alimpandikiza mtoto ini la marehemu. Mtoto alifariki siku ile ile. Hata mwaka 1967 ndipo mgonjwa wake wa kwanza alipoishi zaidi ya mwaka mmoja. Hapana budi tukumbuke kwamba mwenye maradhi ya figo aweza kusafishwa damu kwa mashine akingoja. Yule ambaye ini lake limeshindwa kazi hana kimbilio kama hilo.

Kwa miaka mingi hifadhi ilikuwa barafu. Ini lilioshwa kwa maji ya dawa, likatiwa ndani ya sanduku la baridi. Katika miaka ya 1980 Belzer na Southard wa Wisconsin walitengeneza maji bora yaliyorefusha saa hizo. Hata hivyo, ini lililopoa halina la kusema: mpasuaji hakujua kama ni zima mpaka alipokwisha kulishona.

Mabadiliko yalitoka Oxford. Mwaka 2013, jijini London, lilipandikizwa ini lililokuwa limetunzwa na mashine katika joto la mwili, damu na oksijeni vikipita ndani yake. Ini hilo hutoa nyongo mbele ya macho ya daktari! Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba maini yaliyotupwa yalipungua kwa nusu. Mwaka 2021, Zurich ilipandikiza ini lililokaa mashinani siku tatu, ambalo hospitali nyingine zilikuwa zimelikataa.

Nasi je? Uganda ilipata sheria ya kutoa na kupandikiza viungo mwaka 2023, na mwaka uo huo Mulago ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Mtu angedhani mashine ya ini ni anasa ya matajiri. Mimi naona kinyume: anayehitaji muda zaidi ni yule aliye mbali. Toka Bwera, kupitia Kasese, hadi Mulago ni zaidi ya kilomita 300, na reli iliyofika Kasese mwaka 1956 haichukui tena abiria.

Ila mashine hiyo hunywa damu, mifuko kadhaa kwa ini moja. Damu ya hospitali za Kasese hutoka benki ya Fort Portal, na wa kwanza kuingoja ni mama aliyetoka kujifungua.