Kizuia-kolinesterasi

Msimu wa kupulizia pamba Mwandoya, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, mtu aliyevuta au kulowa sumu ya bomba la mgongoni hujulikana haraka: mate yanamjaa, jasho linamtiririka, tumbo linamsokota, macho yanafifia. Sumu ikiwa ya jamii ya oganofosfeti, kituo cha afya kitamchoma atropini. Sasa soma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la piridostigmini, dawa ya wenye misuli inayochoka upesi. Madhara yaliyoandikwa humo ni yaleyale: mate, jasho, tumbo kusokota, kuharisha. Dawa na sumu hiyo zote ni vizuia-kolinesterasi.

Neva haiugusi msuli. Katikati pana upenyo mwembamba, na amri huvushwa kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ikishafika, kimeng'enya cha kolinesterasi huivunja papo hapo ili msuli ulegee na kungoja amri nyingine. Kwa mgonjwa wa miasthenia gravisi, ndio ugonjwa huo wa misuli kuchoka upesi, kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya kemikali hiyo. Asubuhi ana nafuu. Jioni kope zimeanguka, anaona watu wawiliwawili, na tonge la ugali analitafuna mpaka taya linakataa.

Piridostigmini hukizuia kile kimeng'enya, hivyo asetilikolini hudumu zaidi na kuvifikia vipokezi vilivyosalia. Kidonge cha miligramu 60 huanza kazi baada ya nusu saa hivi na huisha nguvu ndani ya saa tatu hadi sita. Kwa hiyo dozi hugawanywa mara kadhaa kwa siku, na wenye shida ya kumeza hushauriwa kuinywa kabla ya mlo. Tumbo likisumbua, uji kidogo husaidia. Ugonjwa wenyewe haiuponyi.

Wapo wanaopenda kulirahisisha jina la kizuia-kolinesterasi na kusema "dawa ya kuongeza nguvu ya misuli". Mimi silitaki jina hilo, maana linamshawishi mgonjwa aliyelegea ajiongezee kidonge. Asetilikolini ikizidi, misuli huchezacheza, kisha hulegea. Makohozi hujaa kifuani, moyo hupiga polepole, pumzi hupungua. Aliyezidisha dozi na aliyezidiwa na ugonjwa hufanana kiasi kwamba hata daktari hulazimika kuwachunguza kwa makini. Wengine wamependekeza "kizuia-kimeng'enya". Kimeng'enya ni neno zuri, lakini hapa ni pana mno: hata kaptopuri ya presha huzuia kimeng'enya. Bora kolinesterasi ibaki na jina lake.

Dawa za jamii hii ziliingia kwenye tiba ya ugonjwa huu mwaka 1934, Greenwich, London. Daktari Mary Walker aliona wagonjwa wake wanafanana na watu waliopewa kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Akamchoma mmoja wao kiuasumu chake, fizostigmini, na kope zikainuka kwa saa chache. Fizostigmini hutoka kwenye mbegu za Calabar, Nigeria, ambazo watuhumiwa walilazimishwa kuzila kama mwavi ulivyonyweshwa kwetu.

Miaka ya vita vya Ghuba, 1990 na 1991, wanajeshi wa Marekani walimezeshwa piridostigmini kama kinga dhidi ya gesi ya neva, binamu wa zile oganofosfeti za shambani. Dawa hii hukishika kimeng'enya kwa saa chache kisha hukiachia. Gesi hukishika isikiachie.

Kwa mgonjwa wa Simiyu, la kukumbuka zaidi liko kwenye dirisha la dawa. Akiugua malaria au homa nyingine, ataje ugonjwa wake kabla ya sindano kuvutwa. Kwinini inaweza kumlegeza ghafla; vivyo hivyo jentamisini, siprofloksasini na magnesiamu ya mshipani. Akipangiwa upasuaji, mtoa usingizi naye aambiwe mapema, kwa sababu dawa za kulegeza misuli humshika mgonjwa huyu tofauti na wengine.