Lusanga na Venice: sanamu, video na mchezo wa kesi juu ya ardhi ya ngazi

CATPC ni kikundi cha wasanii ambao ni watumikaji wa mashamba ya ngazi, fasi ya Lusanga, jimbo la Kwilu. Kilianza mwaka wa 2014. Kati ya wale waliokianzisha kuna René Ngongo, mtetezi wa misitu, mzaliwa wa Goma. Mwaka wa 2024, kutoka 20 Aprili mpaka 24 Novemba, kazi yao pamoja na Renzo Martens, msanii wa Uholanzi, ilijaza nyumba ya Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, inchini Italia.

Lusanga ni fasi gani?

Wakati wa ukoloni iliitwa Leverville. Mwaka wa 1911 Wabelgiji walipatia kampuni ya Lever, ile ya sabuni, maeneo makubwa ya ngazi. Watu walilazimishwa kukata ngazi kwa malipo kidogo sana. Mwaka wa 1931 Wapende waliasi, wakamuua afisa Mubelgiji, Maximilien Balot. Jeshi la koloni likaua mamia ya Wapende. Balot akachongewa sanamu ya mbao, ili roho yake ifungwe mule, isisumbue watu tena. Leo sanamu ile ni mali ya muze ya Virginia, Marekani.

Kazi yenyewe ilikuwa namna gani?

Ilionyeshwa mu fasi mbili kwa mara moja. Kule Venice kulikuwa sanamu za CATPC. Wanaziumba kwanza na udongo wa Lusanga, kisha zinatengenezwa upya kwa kakao na mafuta ya ngazi, mazao yale yale ya shamba.

Kulikuwa pia filamu. Mule, wakaaji wa Lusanga wanacheza kesi, na mushitakiwa si mutu: ni White Cube, nyumba nyeupe ya maonyesho iliyojengwa kwao mwaka wa 2017. Juu ya nini ishitakiwe? Juu muze nyingi za Ulaya zilikula feza za mashamba. Unilever, kampuni iliyotoka kwa Lever, ilifazili maonyesho ya Tate Modern, London, tangu 2000 mpaka 2012.

Fasi ya pili ni Lusanga penyewe. Sanamu ya Balot ililetwa mule mu White Cube, na watu wa Venice waliiona kwa video ya moja kwa moja tu. Safari hii, muzungu ndiye aliangalia kutoka mbali.

Imeleta nini?

Kwa feza za sanamu, kikundi kimenunua zaidi ya hekta 200 za ardhi iliyochoka. Wanapanda miti na chakula pamoja, ili msitu urudi.

Lakini Balot alikuja kwa mukopo wa miezi tu. Ardhi inarudi kidogo kidogo, kwa kununua. Sanamu ingali na mwenyewe Marekani. Wapende walioichonga hawakuiuza kwa ile muze: iliuziwa na Mumarekani aliyeinunua Congo miaka ya 1970.